Handibreki ya kitufe: betri ikifa usiku, gari litashika au litaachia?

*Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Mwanza, nyumba yetu iko mlimani, na pale ninapoegesha pana mteremko mkali unaoishia kwenye ukuta wa jirani. Kwa miaka mingi nimeendesha Vitz yenye handibreki ya kuvuta na haijawahi kunisumbua. Sasa nataka kununua Mazda CX-5 na nimepata mbili. Ya 2014 ina handibreki ya kawaida, ya 2016 ina kitufe tu. Hiyo ya 2016 imetunzwa vizuri zaidi na bei hazijaachana sana. Shemeji yangu ni fundi na ananikataza. Anasema betri ikifa usiku handibreki itaachia na gari litaingia kwa jirani. Anasema breki ya mguu ikigoma kwenye mteremko kama wa Sekenke, kitufe hakitaniokoa. Anasema pia pedi za nyuma hazibadilishiki huku, mpaka gari lipelekwe Dar. Zaidi ya hayo, nina mtoto wa miaka minne ambaye hawezi kuona kitufe akakiacha. Je, nimsikilize shemeji?*

Dada yangu, ukuta wa jirani ni sababu ya kutosha ya kuuliza, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Shemeji yako anakutakia mema. Katika aliyokuambia, moja si kweli hata kidogo, moja ni kweli nusu, na la pedi ana haki ya kulihofia, ingawa amelikuza. Nitayachukua moja moja, kisha nitakueleza ubaya wa kitufe ambao yeye hakuutaja.

Nianze na betri, maana hofu hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko nyingine zote. Wengi wanadhani umeme ndio unaolishikilia gari usiku kucha, na kwamba ukikatika tu breki inaachia. Ingekuwa hivyo, gari lililoegeshwa siku chache lingekutwa betri imekauka. Ukweli ni kwamba umeme unafanya kazi kwa sekunde chache tu wakati wa kufunga, na sekunde chache wakati wa kufungua. Muda wote wa katikati hautumiki.

Ukiinama nyuma ya tairi la nyuma la hiyo CX-5 ya 2016, utaona mgongoni mwa kalipa (kile chuma kinachoikumbatia diski ya breki na kuzishika pedi) kuna kikopo cheusi cha plastiki, ukubwa wake kama ngumi ya mtu mzima, na soketi ya waya imechomekwa humo. Hiyo ni mota. Kila tairi la nyuma lina yake. Unapovuta kitufe, mota inazungusha gia ndogondogo zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu, na gia ya mwisho inazungusha skrubu iliyo ndani ya pistoni ya breki. Skrubu ikizunguka, nati iliyoivaa inasogea mbele, inaisukuma pistoni, na pistoni inazibana pedi kwenye diski. Ni pistoni ileile na pedi zilezile unazozitumia ukikanyaga breki, ila safari hii zinasukumwa na skrubu badala ya mafuta ya breki. Kompyuta inaangalia mota inavuta umeme kiasi gani. Pedi zikishabana sawasawa, mota inalemewa, umeme inaouvuta unapanda, na hapo kompyuta inakata.

Baada ya kukata, kinachoshika ni skrubu. Fikiria jeki ya kuzungusha iliyoko kwenye buti lako: ukishapandisha gari ukauachia mkono, gari halishuki lenyewe, kwa sababu uzito unaosukuma kutoka juu hauwezi kuirudisha skrubu nyuma. Humu ndani ni vivyo hivyo. Unaweza kung'oa betri, ukaiuza, ukakaa mwezi mzima, na pedi zitakuwa zimebana diski palepale zilipoachwa.

Na hili halikuachwa kwa hiari ya mtengenezaji. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayosimamia breki za magari madogo, namba 13-H, inataka breki ya kuegesha ikishafungwa ishikiliwe na kitu cha kimakanika pekee. Kanuni hiyohiyo inataka iweze kulishikilia gari lililojaa mzigo kwenye mteremko wa asilimia 20, likiwa limeelekea juu au chini. Asilimia 20 maana yake ukitembea mita tano kwa usawa, ardhi imepanda mita moja. Kwa gari la kilo 1,500, mteremko wa namna hiyo unalivuta kuelekea chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 300 hivi. Pima pale kwako. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, uweke ncha moja ardhini upande wa juu, uulaze usawa kwa pima maji ya fundi mwashi, kisha pima umbali kutoka ncha ya pili mpaka chini. Ukipata sentimita 20, uko kwenye kipimo cha kanuni. Ukizidi hapo sana, usiitegemee handibreki peke yake, iwe ya kitufe au ya kuvuta.

Kwa hiyo betri ikifa usiku hali inabaki kama ulivyoiacha. Kama ilikuwa imefungwa, itabaki imefungwa. Kama ulisahau kuifunga, hutaweza kuifunga tena mpaka umeme urudi. Ubaya wa betri kufa uko kinyume na anavyosema shemeji: gari litashika mno. Asubuhi ukitaka kulisogeza, au gari la brekidauni likija kulivuta, matairi ya nyuma hayatazunguka. Wenye handibreki ya kuvuta wanaushusha mkono, wanasukuma gari mpaka barabarani, maisha yanaendelea. Wewe itabidi uishtue betri kwanza kwa nyaya za gari lingine, uwashe swichi, ukanyage breki, ndipo ubonyeze kitufe kufungua. Baadhi ya magari ya mwanzo ya Ulaya yaliwekewa waya wa dharura wa kufungulia, lakini mengi ya sasa hayana. Nunua nyaya nzuri, nene, uziweke kwenye buti, na ujifunze kuzifunga kabla hujazihitaji.

Hapo hapo kwenye betri kuna jambo jingine, na kwangu hili ni zito kuliko lile la kufa. Betri iliyochoka bila kufa ndiyo inayoleta vituko. Mota za handibreki zinahitaji umeme mwingi kwa muda mfupi, na kompyuta ikiona umeme haufiki inawasha taa ya onyo, au inakataa kufunga. Mtu anakimbilia gereji, anaambiwa anunue kalipa mbili mpya, kumbe shida ni betri ya zamani. Betri nzima, gari likiwa limezimwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili, na mtu yeyote mwenye mita ya umeme anaweza kukifanya. Kumbuka pia kwamba CX-5 nyingi kutoka Japani zina mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, ambao unadai betri kubwa na imara kuliko ya kawaida. Zikifika huku, betri ya asili ikichoka, watu wanaweka ndogo ya bei nafuu. Uliza ya gari hilo ni ipi.

Tuje Sekenke. Hapa shemeji ana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kumdhuru mtu.

Kwanza, breki ya mguu kwenye gari lililotunzwa haigomi ghafla bila sababu. Kinachotokea kwenye miteremko mirefu ni joto. Dereva anashuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote, diski zinawaka moto, pedi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu yanaanza kuchemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inazama mpaka sakafuni. Handibreki ya aina yoyote haikuundwa kuzuia hali hiyo. Inabana pedi za nyuma zilezile zenye moto, au viatu vidogo vya breki visivyoweza kulimaliza joto la gari zima. Dawa ni kushuka na gia ndogo. Kwenye otomatiki, toa gia kwenye D, uiweke upande wa kuchagua mwenyewe, ushuke na ya pili au ya tatu, injini ilizuie gari, na breki uikanyage kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Gari lililotoka mnadani Japani mara nyingi hakuna anayejua yalibadilishwa lini, basi anza nayo upya.

Pili, kitufe nacho kinaweza kusimamisha gari likiwa kwenye mwendo, na magari mengi ya aina hii yamewekewa kazi hiyo. Ukikivuta na kuendelea kukishikilia, gari halifungi tu zile mota za nyuma. Kompyuta inaiagiza pampu ya ABS isukume mafuta ya breki kwenye matairi yote manne, huku ikizuia matairi yasijifunge. Kengele inalia, gari linapunguza mwendo kwa nguvu lakini linabaki limenyooka. Ukikiachia, breki inaachia. Linganisha na mkono wa kuvuta: unafunga matairi mawili ya nyuma tu, na ukiuvuta kwa hofu kwenye lami yenye maji, nyuma inateleza na gari linageuka. Madereva wazoefu wanajua kuuvuta kidogokidogo huku wameshikilia kitufe cha kwenye ncha ili usijifunge. Mtu aliyeingiwa na hofu hafanyi hivyo.

Yale mafuta ya breki yakiwa yamevuja yote, pampu haina cha kusukuma. Hapo mifumo mingi inarudi kwenye mota za nyuma, ikibana na kuachia kwa vipindi kadiri matairi yanavyoanza kujifunga. Inafanya kazi, ila gari litachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Na pale ambapo umeme wote wa gari umekatika ukiwa njiani, kitufe hakina msaada wowote. Waya wa handibreki ya zamani hauhitaji umeme. Hapo ndipo shemeji ana haki, na sitaki kukuficha. Ila kumbuka kwamba umeme ukikatika, pedali ya breki bado imeunganishwa na mafuta. Itakuwa ngumu, lakini itashika. Ili ubaki bila kitu kabisa, inabidi mafuta ya breki na umeme viharibike kwa wakati mmoja.

Kuhusu mteremko wako wa nyumbani, kuna faida moja ya kitufe ambayo watu hawaijui. Ukifika nyumbani baada ya kushuka mlima mrefu, diski zina moto na zimevimba kidogo. Ukifunga handibreki wakati huo, imebana kitu kilichotanuka. Baada ya muda diski zinapoa, zinanywea, na mbano unalegea. Kwa handibreki ya kuvuta hilo likitokea hakuna anayejua, na gari huanza kuserereka mwenye gari akiwa ameshaingia ndani. Mifumo mingi ya kitufe inakumbuka kwamba breki zilikuwa na moto, na baada ya dakika kadhaa inakaza tena yenyewe. Ukisikia gari lililozimwa limetoa mlio mfupi peke yake uani, usiite fundi wala mchungaji, linajikaza.

Lakini hata kitufe kikiwa kizima, egesha kwa mpangilio. Simama kwa breki ya mguu. Weka N. Vuta kitufe, hakikisha taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi. Achia breki ya mguu polepole, gari likae juu ya handibreki. Kisha kanyaga tena, weka P, zima. Sababu ya kufuata mpangilio huu ni kwamba P ndani ya gia ya otomatiki ni jino dogo la chuma linaloingia kwenye meno ya gia moja. Ukiweka P kwanza kisha ukaachia breki, uzito wote wa gari unalala juu ya jino hilo, na asubuhi ukilitoa unasikia "kong!" inayotingisha gari zima. Na kwa kuwa chini kuna ukuta wa mtu, kata usukani ili matairi ya mbele yaelekee kwenye kingo au tuta, na weka jiwe. Watu wengine wanaona jiwe ni aibu kwa gari la kisasa. Mimi kwenye mteremko mkali naliheshimu.

Usidhani pia kwamba kila gari la kitufe linajifunga lenyewe ukizima injini. Mengine hufanya hivyo, mengine hayafanyi mpaka uvute. Na usichanganye handibreki na ile kazi inayolishikilia gari kwenye foleni bila mguu wako kuwa kwenye breki. Ile ya foleni inatumia mafuta ya breki yaliyofungiwa na pampu ya ABS, kwa hiyo ni ya muda tu. Usiwahi kushuka kwenye gari ukiitegemea. Jinsi ya kuwa na uhakika ni kuiangalia taa nyekundu kila unapozima, siku zote, mpaka macho yazoee.

Sasa pedi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tofauti kubwa kati ya magari yako mawili iko hapa. Hasara halisi ya handibreki ya umeme utakutana nayo gereji.

Kwenye gari la zamani, fundi anafungua kalipa, anairudisha pistoni ndani kwa zana za mkono tu, kama klempu au kifaa cha kuizungusha, anaweka pedi mpya, anafunga. Kwenye kalipa yenye mota, ile skrubu na nati vimesimama nyuma ya pistoni. Vikiwa vimesogea mbele, pistoni haina pa kurudi. Fundi asiyejua anaongeza nguvu kwenye klempu. Anasikia kitu kimelia "tak", anafurahi kwamba imeingia, kumbe ameng'oa meno ya gia za plastiki au amekwangua uzi wa skrubu. Gari linatoka gereji likiwa na pedi mpya, na jioni taa ya onyo imewaka. Mzee wa gereji anasema, "Nilikwambia haya magari ya kompyuta hayafai." Gari halikuwa na kosa.

Namna sahihi ni kuiambia kompyuta kwanza iingie hali ya matengenezo, ili mota zirudishe skrubu nyuma kabisa, ndipo pistoni irudishwe kwa utulivu. Hilo hufanywa kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Baadhi ya magari, Mazda za miaka hiyo zikiwemo, yana pia utaratibu wa kuingia hali hiyo kwa kutumia swichi, pedali ya mafuta na kitufe chenyewe. Kazi ikiisha, kompyuta inatolewa kwenye hali hiyo, na handibreki inafungwa na kufunguliwa mara kadhaa ili ipime upya unene wa pedi. Wapo mafundi wanaochomoa soketi na kuipa mota umeme wa betri moja kwa moja ili irudi nyuma. Inarudi, lakini hapo hakuna kompyuta ya kuizuia inapofika mwisho, na akichelewa kidogo skrubu inakwama au gia inakatika. Usikubali.

Kwa hiyo "mpaka Dar" si kweli. Mwanza pana mafundi wenye mashine hizo, na shemeji yako mwenyewe anaweza kuwa nayo. Siku hizi ni kifaa cha kawaida cha kazi. Kabla hujanunua gari, nenda kwa fundi utakayemtumia, umuulize swali moja: "Pedi za nyuma za gari lenye handibreki ya umeme unazibadilishaje?" Akianza kwa kutaja kompyuta, endelea kuzungumza naye. Akianza kwa kutaja klempu, mshukuru uondoke. Na mota ikifa, kwa magari mengi hulazimiki kununua kalipa nzima. Mota inashikwa na skrubu mbili tu, inatoka bila kufungua mafuta ya breki. Ikiwa gari limekwama limefungwa, fundi aliyesoma anaweza kuitoa mota na kuizungusha skrubu nyuma kwa mkono kwa kutumia spana yenye ncha ya nyota, matairi yakiwa yamewekewa mawe kwanza, maana mara tu ikilegea hakuna kinacholishika gari.

Adui mkubwa wa mota hizi huku kwetu ni maji na kutu. Kikopo cha plastiki kikipasuka kwa jiwe, au mpira wa kuzibia ukichoka, maji yanaingia na mota inaoza taratibu. Wanaoishi Tanga, Dar au Mombasa, karibu na chumvi ya bahari, waiangalie mara nyingi zaidi. Lakini usidhani waya wa zamani hauozi. Mwaka 2017 Mazda iliyaita yarudi kurekebishwa magari ya Mazda3 na Mazda6 takriban 228,000 nchini Marekani kwa sababu maji yalikuwa yakipenya kwenye kalipa za nyuma na kuitia kutu shafti ya handibreki, nayo ilikuwa handibreki ya kuvuta. Kitufe nacho kimekuwa na aibu zake: mwaka 2016 Honda iliita Civic 350,000 hivi, kwa sababu programu ingeweza kushindwa kufunga handibreki ukiivuta mara tu baada ya kuzima gari, na mwaka 2017 Tesla iliita magari 53,000 hivi kwa gia ndogo ya handibreki iliyotengenezwa vibaya. Teknolojia yenyewe imeshakomaa. BMW iliiweka kwenye 7 Series mwaka 2001, Volkswagen kwenye Passat mwaka 2005, Subaru kwenye Legacy mwaka 2009. Faida nyingine ni kwamba waya hulegea kwa miaka na unahitaji kukazwa, wakati mota hutafuta mbano wake upya kila siku kadiri pedi zinavyoisha.

Mtoto wako nitamjibu kwa ufupi, kwa sababu jibu ni zuri. Ili kitufe kifungue, kwa kawaida swichi lazima iwe imewashwa na breki iwe imekanyagwa. Gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, abonyeze mpaka achoke. Handibreki ya Vitz yako, mtoto wa miaka minne mwenye nguvu anaweza kuiachia. Hata hivyo usimwache peke yake ndani ya gari, na hasa usimwache injini ikiwaka hata kama unafungua geti tu.

Siku ya kwenda kuliangalia gari, nenda na mtu wa pili. Mwambie akae ndani, awashe swichi bila kuwasha injini, redio ikiwa imezimwa. Wewe chuchumaa kwenye tairi la nyuma la kushoto, yeye avute kitufe. Utasikia mlio wa mota, "nzzzz", unaoshuka sauti mwishoni kadiri pedi zinavyobana, kisha kimya. Hamia kulia, mrudie. Milio iwe sawa kwa urefu. Upande mmoja ukichelewa sana, ukikoroma, au ukitoa "tak-tak-tak" ya gia inayoruka, hapo pana kazi ya kufanywa na bei ishuke, au uliache. Mulika tochi uone vikopo vyote viwili kama havina ufa, na soketi kama hazina kutu ya kijani. Kisha tafuta kilima, simama uso wa gari ukielekea juu, funga handibreki, weka N, achia breki ya mguu huku mguu ukiwa tayari. Gari lisisogee. Geuza, urudie likielekea chini. Mwisho ondoka kwa kukanyaga mafuta taratibu ukiwa umefunga mkanda. Handibreki inapaswa kuachia yenyewe bila gari kuserereka nyuma. Usipofunga mkanda magari mengi yanakataa kuachia yenyewe, na wengine hudhani ni ubovu.

Kuna dalili ambazo ukiziona baada ya kununua, usiniandikie wala usisubiri mwisho wa wiki, peleka gari kwa fundi alione kwa macho yake: taa ya handibreki inayopepesa badala ya kuwaka tuli, tairi moja la nyuma kuwa na moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi, harufu ya kuungua, gari kuwa zito kuondoka kana kwamba linaburuta kitu, au kusogea hata kidogo baada ya kufungwa. Mpaka lipimwe, liegeshe mahali tambarare, kwenye P, na mawe pande zote mbili za tairi. Pedali ya breki ikizama au mafuta ya breki yakipungua kwenye chupa yake, usiliendeshe hata kulipeleka gereji. Mwite fundi aje.

Kama gari ningelinunua mimi, kwa mteremko wako na mtoto wako, ningechukua hiyo ya 2016, kwa masharti mawili: jaribio la kilima lipite pande zote, na fundi mwenye mashine awe ameshapatikana kabla ya fedha kutoka. Kama ungekuwa unaishi mahali ambapo gereji ya karibu ni mwembe na boksi la spana, ningekuambia chukua ya 2014, ubadilishe waya wa handibreki na kuukaza vizuri, na usijutie. Mwalike shemeji kwenye ukaguzi. Mwambie achuchumae yeye pale kwenye tairi la nyuma asikilize. Sikio la fundi litashika mambo ambayo wewe unaweza kuyapita.